Mia Mbili na Moja

Nasoma mita. Ndiyo kazi yangu tangu nywele zilipokuwa nyeusi,
hapa Faisalabad, mtaa wa wafumaji nyuma ya reli,
ambako mashine ziligonga usiku kucha
na sasa zinagonga pale tu umeme unapopenda.

Zamani niliandika kwa kalamu,
na kalamu ilikuwa na huruma zake:
tisa iliweza kuwa saba, mkono ukitetemeka.
Siku hizi napiga picha kwa simu ya shirika.
Picha haitetemeki.

Mwezi huu sikukuu ilifunga ofisi,
nikafika kwa Sardaran siku tatu nimechelewa.
Anapiga pasi nguo za watu, shati rupia ishirini.
Feni moja, taa mbili. Friji aliyoiuza mwaka juzi
imeacha mraba mweupe ukutani.

Mia mbili na moja.

Utasema: uniti moja, kitu gani?
Ngoja nikueleze ninavyowaeleza wao mlangoni,
jua la utosi, mbwa wa jirani akinibwekea.
Hadi mia mbili wewe ni wa kulindwa, serikali imekushika mkono.
Mia mbili na moja, mkono umeachia,
na hautakushika tena mpaka ipite miezi sita
ya kukaa chini ya mstari,
ukijipepea kwa jalada la daftari la mtoto.

Akaniuliza, "Hizo siku tatu nilizitumia mimi, au ninyi?"
Nikatazama viatu vyangu.

Paa la ng'ambo ni la Haji Mukhtar, muuza nyuzi.
Paneli arobaini na nane, za buluu, zimepanguswa,
zimelala chali kama wageni waliokula wakashiba.
Mita yake mchana inarudi nyuma.
Kwake nasoma namba yenye alama ya kutoa.
Si mwizi. Sitaki mtu aseme nimemwita mwizi.
Mwaka ule paneli ziliposhuka bei
alikuwa na pesa ya kulinunua jua kwa mkupuo, basi.
Ningekuwa nazo, ningelinunua pia.

Ila kila paneli inayopanda juu
kuna kitu chini kinabaki bila mlipaji:
nguzo, waya, transfoma inayovuja mafuta,
na ile mitambo ya makaa iliyojengwa kwa mkopo wa dola,
inayolipwa ikizunguka, inayolipwa ikilala.
Ndiyo, ikilala. Usingizi wake una bei,
na bei hiyo hugawanywa kwa waliobaki kwenye waya.
Waliobaki ni akina Sardaran.

Wizara ilishtuka, ikakata bei
inayonunulia umeme wa mapaa.
Haji hakugombana na mtu. Alileta betri,
nne, nzito, zikapandishwa kwa kamba na vijana wanane,
na mwezi ujao, kanong'oneza huku akinimiminia chai,
huenda nisiwe na haja ya kupanda ngazi yake tena.

Redio inasema nchi inahamia nishati safi.
Ni safi, nimeiona, haina moshi hata chembe.
Sijaona bado ngazi ya kuifikia
yenye vidato vya urefu wa mguu wa Sardaran.

Nilipiga ile picha.
Kidole gumba kilisogea hadi ukingoni mwa kioo,
juu kidogo ya ile moja ya mwisho,
kikakaa hapo muda wa pumzi mbili.
Kisha kikaondoka. Nina watoto.

Usiku huu, nyumbani kwangu,
mita inasema mia moja tisini na tisa.
Nimezima feni. Naseem amelowa jasho,
amegeukia ukuta, hanisemeshi.
Nami siruhusiwi kuisoma mita yangu mwenyewe:
kesho atakuja Yaqub, wa mtaa wa pili,
kijana mzuri, mchapakazi,
kama pikipiki yake itawaka.