Jinsi: KE

Karatasi ya vinasaba ina mstari mmoja wa ajabu:
Elinami Mlay, miaka kumi na tisa. Jinsi ya damu: KE.
Mpimaji kaigeuza, kaichungulia nyuma,
kasema pengine vichupa vimechanganyika,
rudini Jumatatu.
Mama kacheka hadi kakaa kwenye benchi la korido,
benchi lile lile la Moshi alilolilia
enzi za kusubiri chupa ya damu, na nyingine, na nyingine.
"Haijachanganyika, mwanangu. Hiyo ni ya dada yake."

Dada ni mimi.
Nililazwa kifudifudi huko Dodoma,
nikaamka na kiuno cha ajuza,
na mfuko mwekundu umeshavuka mlango kwenda kwake,
mdogo, haujazi hata kibuyu cha maziwa ya jioni.

Yeye kwanza walimng'oa.
Dawa iliua uboho wake wote, ikashuka na nywele,
midomo ikawa vidonda, hata mtori haupiti.
Siku kumi na saba, chembe nyeupe: sifuri.
Baba anapiga simu kutoka Kibosho:
"Umeshika?"
kama anaulizia mgomba uliohamishwa kiangazi.
Siku ya kumi na nane, ukashika.

Zamani damu yake ilikuwa na mundu,
umbo la kile nikatiacho majani ya ng'ombe.
Usiku wa Julai, baridi ikiteremka mlimani,
ulimfyeka magoti, ulimfyeka mgongo,
nami namkanda kwa maji moto huku namlaani:
kesho nina mtihani wa hesabu.

Leo baba zetu wadogo na wakubwa wamekuja, mbege ipo.
Wameshukuru Mungu, wameshukuru madaktari,
kisha wakamtembeza Elinami shambani:
kutoka masale haya hadi masale yale,
kihamba ni chako, kitinda mimba.
Damu ya ukoo haitoki nje.
Binti atapata kwa mumewe.

Nilikuwa nagawa. Nikasimama na kata mkononi.

Elinami hakunitazama.
Alitoa karatasi mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne,
akampa Baba Mkubwa kwa mikono miwili.
"Soma hapo kwenye jinsi. Kwa sauti, tafadhali."

Baba Mkubwa haoni bila miwani.
Miwani ameiacha kwake.
Mtoto katumwa.