Unyaufu

Mimi ndiye niliyebeba betri.

Dada alipochukua fomu ya udiwani
shemeji alicheka mpaka akakaa chini,
kisha akauza mbuzi, yule mweupe,
tukachapa karatasi mia mbili Tandahimba mjini.
Wino ulikuwa hafifu. Uso wake ulitoka
kama wa mtu anayechungulia kwenye vumbi la salfa.

Asumini Likwata, karani wa mizani,
misimu kumi na mmoja ghalani Nambalapi.
Hakuna gunia la kata hii ambalo hakulitia ndoano.
Anajua nani huloweka korosho usiku ziongeze uzito,
nani huchomeka jiwe katikati,
mjane yupi huleta kilo nne ndani ya kanga
akaomba ziandikwe tano.
Jukwaani hajawahi kusimama.
Wakizidi watu watatu, hutazama kucha zake.

Mwenzake ana gari la spika nne.
Jumatatu alipita akaacha sukari,
Jumatano fulana,
Ijumaa aliswali safu ya mbele
akatoka na viatu vya mtu mwingine.
Bahati mbaya tu, lakini tuliitumia wiki nzima.

Sisi tuna bodaboda ya Dadi,
usukani umefungwa kwa mpira wa tyubu,
betri mapajani mwangu inanila suruali.
Kila kitongoji swali ni lile lile:
"Mmekuja na nini?"
Tumekuja na mgombea.
"Huyo tunamjua. Mmekuja na nini?"

Siku ya mkutano wa Nambalapi
mabibo yalikuwa yameanza kuanguka,
nzi kila mahali, watoto midomo imewababuka.
Hotuba nilimwandikia mimi: maji, zahanati, barabara.
Ndoo moja shilingi mia tano,
hapo nilitia alama, asubiri makofi.
Akaifungua karatasi. Akaikunja.
Akaipachika kwenye pindo la kanga, akasema:

"Kila gunia nililopima nilikata kilo moja.
Tuliambiwa tuandike unyaufu.
Korosho zenu hazikunyauka.
Nilizinyausha mimi, kwa kalamu.
Mgao wangu nilipewa Jumamosi.
Bati za nyumba yangu mnaziona."

Spika ikakoroma. Nikajua tumekwisha.
Shemeji alikazia macho mbuzi wa watu wanaopita.
Mmoja nyuma akatoa tusi nisiloliandika,
kwa kuwa lilimhusu mama,
na mama wa dada ndiye mama yangu.

Ndipo akatoa kauntabuku, jalada jekundu,
nililodhani ni la mapato ya vitumbua.

"Abilahi Nambunga, kilo kumi na tisa.
Ahmadi Mkwetu, marehemu, arobaini na moja,
mwanawe yupo?"

Mwanawe alikuwepo. Akasimama
ndani ya fulana ya mwenzetu, mpya, ina mikunjo ya dukani.

"Ajali Chilumba, kilo mbili."

Makofi hayakupigwa. Nani hupiga makofi
akisomewa alichoibiwa?
Lakini hakuondoka mtu,
na gari la spika nne lilipopita likiimba
waliligeukia wote, vidole midomoni:
nyamaza, tunasikiliza majina.

Jua lilizama tukiwa kwenye akina Mfaume.
Betri ilikufa katikati ya akina Somoe,
nao ni wengi huku kwetu.
Akaendelea kwa mdomo, sauti imepasuka,
Dadi akimmulikia kwa taa ya pikipiki.

Alfajiri uani kuna foleni.
Stakabadhi zimekunjwa mara nane, nyingine imeliwa na mchwa,
nyuma ya moja kuna namba ya simu ya fundi cherehani.
"Na zangu mie, ulizisoma?"
"Baba alikuwa na gunia sita, si tano."
Hakuna aliyetaja kura. Sikuthubutu kuuliza.

Dada yuko kwenye kigoda, kalamu mkononi,
anawatazama usoni mmoja mmoja.
Shemeji yuko juu ya paa tangu swala,
anahesabu bati, anarudia, anahesabu.

Zimebaki siku sita.
Naenda kuchaji betri.