Juni Ile Ile

Nilikuja na spana, nikakuta karatasi.
Imebandikwa kwa selotepu juu ya mlango wa friza:
gesi ya aina hii, mwisho Juni.
Ng'wasi hakuniuliza gesi ni nini.
Aliuliza, "Lushinge, Juni ni hii hii?"

Miaka kumi na tisa natengeneza majokofu hapa Mabatini,
kwa hiyo niseme langu kabla ya la serikali.
Gesi hiyo naijua kwa sauti.
Mara ngapi nimeifungulia koki
ikapiga mluzi, ikapita juu ya mawe, ikaenda zake,
nami nimekaa juu ya ndoo nasubiri iishe.
Sikujua kwamba mbingu nazo zina daftari.

Sasa daftari limeshuka
na limefunguliwa kwenye kaunta ya Ng'wasi,
kati ya mizani na kisu cha magamba,
pale anapouza sato kwa kilo, nusu, robo,
na kichwa cha sangara kwa mwenye mia tano na maneno matamu.

Friza mpya: milioni mbili na laki nne.
Niliitaja polepole, kama anayetoa habari ya msiba kwa simu.
Akahesabu vidole. Akaishia cha tatu.

Ng'ambo ya barabara supamaketi wamekwisha badilisha.
Majokofu kumi na manne, milango ya vioo,
kila moja na stika ya jani la kijani.
Benki iliwakopesha kwa riba ya huruma,
paneli zinakunywa jua juu ya bati,
umeme umeshuka, sato wao ameshuka kwa mia nane,
na wateja wa Ng'wasi wanapita upande wa pili
wakitazama simu ambazo hazijaita.

"Mkopo huo, nami si naweza kuomba?"
Nikamsomea fomu. Hati ya nyumba.
Hesabu za miaka mitatu, zilizokaguliwa.
Hesabu zake ziko ukutani, kwa mkaa:
Mama Kabula 3,500. Mwalimu, sato mmoja.
Bugumba, basi tena.

Kanuni si mbaya, siwezi kuitukana.
Niliona ziwa lilivyopanda likaingia vibandani,
na mvua siku hizi inakuja kama mdeni,
kwa kuvizia.
Ila mwenye friza moja na mwenye kumi na nne
wamepewa Juni ile ile.

"Iue," akasema.
Gesi niliikamata yote kwenye mtungi wa kuazima,
elfu kumi na mbili kwa siku. Sikumdai.
Hakuna kilichopiga mluzi.

Friza sasa imelala chali, imejaa chumvi.
Dagaa wako nyuma ya nyumba, juu ya jiwe,
wanakauka bila umeme, bila gesi, bila mkopo.
"Basi niletee na mimi hiyo stika," akanicheka,
kisha akainua uso upande wa Ukerewe,
akanyamaza,
akaanza kuanua.