Herufi Kumi na Tano

Chukwani, saa tatu kasorobo, kengele bado.
Vuai anaipangusa siwa kwa kitambaa cha manjano
kama mama anayemfuta mtoto pua kabla wageni hawajaingia.
Glovu yake ya kulia imeshonwa kwenye gumba.
Kamera haifiki huko,
na Uhasibu wamesema glovu ni za bajeti ya mwakani.

Katibu Mezani keshapanga maswali,
Namba 31 juu ya Namba 32, kona kwa kona.
Anamjua atakayeuliza, anamjua atakayejibu,
na jawabu analijua, maana limechapwa tangu juzi,
ila uso wake ni wa mtu asiyejua lolote.
Hiyo nayo kazi, na haina posho.

Mie ni wa chumba cha nyuma,
kisicho dirisha, chenye kiyoyozi kinachokohoa.
Tunaandika kwa zamu, dakika kumi kumi:
nampokea mwenzangu katikati ya "maende-",
Miza ananipokea katikati ya "milioni".
Kikao kizima, hapa kwetu,
hakuna aliyewahi kukisikia chote.

Sheria yetu fupi: andika kilichosemwa.
Kikohozi hakiandikwi. Wala miayo.
Wakipiga meza, mabano: (Makofi).
Wakicheka: (Kicheko).
Mengine yote hayana mabano.

Na mashine yangu nimeifunza ujanja:
nikigonga L na K, inamalizia yenyewe
*linafanyiwa kazi*.
Suala la mtaro, Mheshimiwa Spika. L, K.
Suala la madawati. L, K.
Suala la transfoma iliyoungua tangu mfungo wa juzi,
L, K, nanywa chai yangu.
Tangu hapo mkono hauniumi usiku.
Miza kauomba ujanja huo,
nikamuuzia kwa sambusa mbili.

Jumatano ile zamu yangu ilianza saa nne na dakika ishirini.
Kasimama Mheshimiwa Kazija, na swali la daraja,
lile la magogo ya mkoko, Chwale Bondeni,
maji yakijaa watoto hawendi skuli.

Kwetu hapo.
Nimepita juu yake miaka saba, viatu mkononi,
mama kanishika ukosi wa shati kwa nyuma
na ananihesabia magogo kwa sauti,
lile la tisa tunaliruka.

Waziri akajibu. Ana sauti nzuri, ya kusomea.
Vidole vikagonga L, K
kabla masikio hayajafika.

Spika akauliza: swali la nyongeza?
Na kwenye kanda, sekunde sita.
Hamna mtu. Hamna hata karatasi.
Ila Shaame, mhudumu, namsikia anatua bilauri ya maji
mbele ya Mheshimiwa Kazija,
polepole, kama unavyomwekea mfiwa.
Nimeirudisha kanda mara tatu.
Bilauri haiandikwi.

Simu ikatetemeka kwenye mkoba, na simu haziruhusiwi.
Mama: *Wamesemaje?*
Sikumjibu. Rasimu ni siri mpaka itiwe saini,
nimeapa mbele ya watu, mkono juu ya msahafu.
Na hata ningejibu,
ningemwandikia nini, herufi mbili?

Nikaifuta ile sentensi.
Nikaiandika upya bila mkato,
L, halafu I, halafu N,
herufi kumi na tano, moja baada ya moja,
kama mtu anayepapasa kwa unyayo
gogo lipi litamchukua.
Ikatoka ile ile.
Mhariri wa jioni hataona tofauti yoyote.

Saa nne na nusu Miza akanigusa bega.
Nikavua hedifoni, bado ina joto la masikio yangu,
nikamwachia kiti
katikati ya neno.