Debe la Saba

Tulirekodi usiku, mashine ya Sanga ikishazimwa.
Ukuta ulikuwa mmoja tu kati yetu na unga,
na unga ulipita hata kwenye tundu la kitasa,
asubuhi umekaa juu ya kibodi
kama sakitu juu ya majani ya viazi.

Ambakisye alifika na viatu mkononi.
"Nisikuchafulie studio," akasema.
Studio yenyewe: godoro lililochanwa, trei za mayai,
blanketi la marehemu mama mlangoni.

Alikuwa mpakiaji, Isyonje.
Bega lake la kulia lilijua hesabu kuliko karatasi ya ushuru:
gunia ni debe sita,
kisha tajiri anatoa kamba na sindano,
gunia linavikwa kofia,
la saba linaingia bure.
Akajiita Debe.

*Sita ni za bei, la saba ni la nani?
Mizani ya kijiji imefungiwa ndani.
Mama ashika jembe, tajiri ashona kofia,
gunia lanenepa, mwenye shamba anafifia.*

Wahuni wa Mwanjelwa wakamcheka:
debe tupu haliachi kuvuma!
Akajibu hapohapo, bila mdundo:
"Niulizeni basi nani kanimwaga."

Tukachoma sidii mia mbili.
Nyingine tuliuza katikati ya mitumba,
nyingine madereva wa Fuso walichukua kwa ahadi,
na ahadi zipo hadi leo, Makambako na kuendelea.
Mtangazaji alisikiliza nusu.
"Kali. Lakini viazi, kaka? Kwenye kiitikio tia mrembo."
"Yumo," alisema Ambakisye. "Ni mama. Anapalilia."

Iringa tulialikwa mara moja.
Mwandaaji alitoroka na pesa za mlangoni,
tukalala stendi, tumejifunika bango
lililoandikwa kwa herufi kubwa: DEPE.

Sitaficha la Uyole.
Mwaka wa kampeni alipanda juu ya lori
amevaa fulana yenye uso wa mtu mwingine,
akaimba laki tatu.
Wauza ndizi walimtazama
kama wanavyotazama mvua isiyo ya msimu:
walifunika bidhaa.
Kilo tano za sukari alizompelekea mama yake, Sekela,
zilikaa kizingitini hadi siafu wakazimaliza.
"Imepimwa na nani?"
Hilo tu ndilo aliloulizwa.

Mwaka mzima akapakia, kimya.

Usiku aliorudi, viatu mkononi,
mashine ilikuwa bado inanguruma.
Kulikuwa na msiba Ilomba, Sanga anasaga wa kulisha waombolezaji.
"Tusubiri," nikasema.
"Washa."
Akajitaja kwa jina la ubatizo na la ukoo,
akataja laki tatu, noti kwa noti,
akataja fulana, na sukari, na siafu.
Kiitikio hakuweka.

Siku hizi anakaa na mizani, kijijini kwao.
Wakulima walichanga wenyewe.
"Tisini na nane. Ongeza vitatu, vinne.
Mia na tano. Punguza."
Sauti ileile, pumzi anaivuta palepale.
Akikuta kofia, ana wembe mfukoni.
Wiki iliyopita tajiri mmoja aligeuza lori likiwa tupu,
na waliomlaumu Ambakisye
ni walewale waliochanga.

Mimi nina kompyuta mpya.
Ina programu inayofuta makelele.
Jana nikauleta ule wimbo wa usiku wa msiba, nikabonyeza,
mashine ya Sanga ikatoweka.
Sauti ikabaki safi,
kama ya mtu asiyewahi kukohoa unga.
Nilisikiliza mara moja.
Nikairudisha mashine.
Nikaipandisha kidogo.