Jiwe la Kuzuia Mlango

Mlango wa nyuma kwa Bi Ardith Vankoughnet
haufungwi na upepo. Umeegemea jiwe
jeusi, zito kupita umbo lake,
lenye mng'aro wa lami iliyovunjika.

Lorne alilitoa porini, kaskazini ya Bancroft,
mwaka ambao kila kinyozi na kila mkamua ng'ombe
alitembea na kisanduku kinacholia ta, ta, ta-ta,
akisaka urani.
Mnunuzi aliligeuza kwa ncha ya kiatu:
"Hili? Alanaiti. Halina bei."
Basi likaja jikoni.

Mimi nimepanga chumba cha juu. Jumamosi nafagia,
nalisogeza kwa mguu, nalirudisha.
Nilidhani ni jiwe tu, mpaka Bi Ardith
akanitolea kipande cha mwamba lilikochongolewa.
"Tazama majirani zake."
Na kweli, jiwe jeupe lililolizunguka
limepasuka mistari pande zote,
kama jua analochora mtoto wa chekechea,
na ulanga umeungua pete nyeusi
bila moto.

Ni thori iliyo tumboni mwake, alisema.
Hupiga, hupiga, miaka milioni elfu,
mpaka fuwele inasahau mpango wake yenyewe.
Nje bado ina kingo na pembe.
Ndani ni vurugu iliyoganda.

(Methali zetu za ujirani
hazikulifikiria hili.)

Wiki jana kaja kijana wa kampuni, koti jipya,
akasema seriamu, akasema neodimiamu,
kama mtu atajaye wajukuu wa tajiri.
Sumaku, alisema. Magari. Hiyo simu mkononi mwako, dada.
Akaandika tarakimu kwenye kadi.

Bi Ardith akammiminia chai.
Theluji ya Machi ilikuwa ikichuruzika toka paani.
"Na mlango nitauzuia na nini?"

Kijana akacheka. Yeye hakucheka.

Usiku nikashuka kunywa maji.
Kadi ilikuwa imekunjwa mara nne
chini ya mguu wa meza, ule mfupi.
Naye kaketi sakafuni na gauni la kulalia,
kiganja juu ya jiwe, kama anayepima homa.

"Lorne naye," akasema, "watu walimwona mzima.
Kingo zote.
Miaka arobaini na mmoja nimelala kando yake."

Sikupata neno.
Akauondoa mkono polepole,
na pete yake ikagonga jiwe:
ta.
Mara moja tu.