Mia Tano Arobaini na Moja

Kabla hawajaniuliza jina waliniuliza namba.
Si ya simu. Si ya nyumba tuliyotoka.
Ile inayoishi mahali nisipopajua,
inayonenepa nikilipa, inayokonda nikiugua.
Nikaitaja: mia tano arobaini na moja.
Kijana wa wakala, tai imepinda,
akaishusha kalamu taratibu
kama mtu aliyeonja mchuzi uliochacha.

Hapa Duluth barabara zinapanda kilima kama ngazi,
na ziwa liko chini, jeupe, limefunga mdomo.
Februari. Ombi la tano.
Kila ombi dola arobaini na tano, hazirudi.
Nimekwisha kulipa bei ya viatu vya Maren
ili niambiwe hapana kwa barua yenye salamu nzuri.

Nilitaka kumweleza kwamba namba ile
ni kidole cha Curtis kilichobaki kwenye msumeno,
usiku mmoja hospitalini, na bili iliyokuja vipande vitatu
kutoka kwa watu watatu tusiowahi kuwaona.
Ni gari lililovutwa alfajiri, kiti cha mtoto kikiwa ndani.
Kwamba kodi, ile kodi yenyewe,
hatukuiruka hata mwezi mmoja kwa miaka sita,
lakini kodi iliyolipwa hakuna anayeiandika.
Kuteleza si kuanguka, husemwa.
Kwenye faili lao ni neno moja.

"Na kipato?"
Curtis huezeka mapaa kuanzia Mei.
Theluji ikija, huendesha gari la kuikwangua. Ikija.
Mwaka huu ilikawia hadi baada ya Krismasi,
tukawa tunaikodolea macho mbingu kama wadai.
Mimi nafua shuka za hoteli:
saa thelathini wiki hii, tisa wiki ijayo.
Wao wanataka mara tatu ya kodi, kila mwezi, sawasawa,
kana kwamba tumbo la mtu ni saa ya ukutani.

Usiku ule, chumba namba kumi na nne cha moteli,
Maren alichora nyumba. Mlango mwekundu, madirisha matano.
Otis akauliza choo kiko wapi.
"Kiko ndani," Maren akamjibu, "ndiyo maana hukioni."
Curtis akacheka, akacheka,
kisha akatoka kwenda kusimama kwenye baridi bila koti.

Kadi ilikuwa imebandikwa ukutani, pale kwenye mashine za kufulia:
*Nyumba. Vyumba vitatu. Piga simu, usiandike.*
Bi Solveig Haugen alitufungulia
amevaa koti la marehemu mumewe, mikono imekunjwa mara mbili.
Nikamwahi. "Mia tano arobaini na moja," nikasema.
"Ya nini hiyo? Uzito?"

Nikaweka bahasha mezani:
stakabadhi sabini na tatu, miaka sita,
zimefungwa kwa mpira wa nywele za Maren.
Akavaa miwani, akazisoma zote.
Zote, moja moja. Kahawa ikapoa.
Otis akaanza kuzungukazunguka na sikumzuia.
Kwenye Aprili moja akasimamisha kidole.
"Hapa kuna mbili."
"Nusu na nusu," nikasema. "Mwezi wa kidole."
Akamtazama Curtis mkono. Hakusema pole.
Nilimshukuru kwa hilo.

"Mwanangu yuko Minneapolis," akasema,
"na yeye anapenda namba. Atapiga simu Alhamisi."
Akairudisha bahasha, mpira ameufunga vizuri kuliko mimi.
"Ila paa la nyuma linavuja.
Ngazi iko karakana, kama mnapenda kutazama tu."

Curtis akapanda. Nilimsikia akigonga barafu,
akigonga, akinyamaza, akigonga tena,
jinsi daktari anavyogonga mgongo wa mgonjwa.
Na kutoka mwisho wa ukumbi sauti ya Otis:
"Mama! Nimekiona! Kweli kiko ndani!"

Leo ni Jumanne.